Wiki Tatu za Kuwa Brian

Juzi nilikwenda Dagoretti Corner kuagiza rafu ya vitabu. Fundi aliponiuliza jina ili aliandike kwenye ubao, nikamtajia, naye bila kusita akatoa penseli nyuma ya sikio akaandika Basilai. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimeshikwa na harufu ya maranda, ile harufu tamu kidogo ya mbao mbichi iliyochanganyika na gundi na vanishi, na kwa dakika nzima sikuwa mtu mzima wa kuagiza rafu. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa juu ya rundo la mbao kando ya barabara hiyo hiyo, nikimsubiri Guka amalize kitanda cha mtu.

Guka, baba yake baba yangu, alikuwa na kibanda cha useremala hapo Corner kwa miaka mingi. Ndiye aliyekuwa Barzilai wa kwanza. Jina hilo alilipata siku ya ubatizo akiwa kijana. Vijana walikuwa wengi siku hiyo na mwalimu wa dini hakutaka majina yajirudie, kwa sababu yangemchanganya kwenye daftari. Kila aliyesimama alitaka Yohana, au Petro, au Yosefu. Guka alikuwa amechelewa kurudisha mbuzi, kwa hiyo akawa wa mwisho kwenye foleni, na zamu yake ilipofika majina yote aliyoyajua yalikuwa yameshachukuliwa. Mwalimu akapitisha kidole kwenye orodha yake akampa Barzilai. Baadaye Guka aliambiwa kwamba huyo alikuwa mzee tajiri wa zamani aliyemlisha mfalme wakati wa shida. Akaridhika, ingawa alikuwa akisema angependelea kuwa mfalme anayelishwa.

Kwetu sisi mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na hilo halina mjadala. Wenzangu wengi pale Uthiru walikuwa na bahati. Mbele walipewa Kevin au Dennis, halafu Mbugua au Kamau wa babu akafuata nyuma, na maisha yakaendelea. Baba yangu alikataa kabisa. Alisema jina la mzee hutolewa zima. Ndiyo maana nikaingia darasa la kwanza nikiwa Barzilai, katika darasa lenye akina Brian wanne, Kevin watatu na Mercy ambao sikuwahi kuwamaliza kuwahesabu.

Jina lenyewe liliandikwa kila mtu alivyoona inafaa. Kadi yangu ya kliniki ilisema Bazilai. Shule ya chekechea waliniandika Brazil, na kwa mwaka mzima mwalimu mmoja aliniuliza kama baba anapenda mpira. Guka mwenyewe, aliyekuwa akiandika jina lake kwa penseli chini ya kila kitanda na kila stuli aliyotengeneza, hakuliandika mara mbili kwa namna moja. Baba tu ndiye aliyekuwa na msimamo. Alikuwa karani katika afisi moja ya mjini, mtu wa kupiga pasi hata leso, na cheti changu cha kuzaliwa kilipotoka na kosa alikirudisha. Kikatoka na kosa jingine, akakirudisha tena. Hadithi hiyo ilisimuliwa kila Krismasi na sote tuliijua kwa moyo.

Mtu akipewa jina la babu kwetu, hapewi jina tu, anapewa na heshima zake. Cucu, nyanya yangu, aliniita mume wangu tangu nikiwa wa kubebwa. Akija kwetu au mimi nikienda kwake, na nyumba zilikuwa hatua ishirini kutoka moja hadi nyingine, angenisalimu hivyo, aniulize kama ng'ombe amepewa maji, kisha anilalamikie kuhusu paa linalovuja. Alinipa chai katika kikombe cha bati chenye maua ya buluu, pacha wa kile cha Guka, nao wajukuu wengine wakinywea vya plastiki. Baba aliniita baba. Nikikosea, mama alikuwa akimtazama ashike mkanda, kisha anamuuliza kwa upole kama kweli ataweza kumchapa mzazi wake. Mara nyingi hakuweza. Kwa hiyo jina lile lilinitesa shuleni na kunilinda nyumbani, nami niliona hayo ni makubaliano mazuri.

Shida ilianza kwenye meno. Yangu ya mbele yalipoota upya, Guka aling'olewa mawili wiki hiyo hiyo. Watu wakatania. Nilipoanza kurefuka, wakasema mzee naye ameanza kuinama. Mwaka nilioingia darasa la pili alifunga kibanda kwa sababu ya kifua, na jirani mmoja akasema kwa kicheko kwamba amemwachia mwenzake kazi. Ulikuwa utani tu. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kuhesabu vitu, na nikahesabu. Kila nilichopata, yeye alikuwa amepoteza.

Kisha kifua kikamzidi akapelekwa hospitali kubwa kule karibu na Upper Hill. Jioni ya pili akina mama wa kanisa walikuja kuomba nyumbani kwa Cucu. Sebule ilijaa leso na harufu ya chai ya tangawizi. Nilikuwa nimekaa mkekani karibu na miguu ya Tata Wairimu, dada yake baba, mwanamke mwenye moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Maombi yalipokwisha kukawa kimya, na Tata hakuwahi kuvumilia kimya. Akaweka mkono kichwani pangu akasema, "Hata Mungu akimwita, mzee hajaenda. Barzilai si huyu hapa?"

Wakasema ni kweli. Mmoja akanishika shavu, mwingine akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Cucu akafuta machozi akijaribu kutabasamu. Leo najua walikuwa wanamfariji. Siku hiyo nilichosikia ni kwamba ruhusa imetolewa. Nilimdhania Mungu kuwa kama karani wa chifu, mtu mwenye daftari na kalamu nyekundu. Angekuja akatazama, akaona Barzilai ni wawili, mmoja mpya na mmoja mkuukuu, naye angemchukua yule mkuukuu bila kumwonea mtu, kwa sababu nafasi haibaki wazi. Kwa akina Brian hatari hiyo haikuwepo, walikuwa wengi mno, nani angewajulia hesabu? Sisi tulikuwa wawili tu kwenye barabara yote ya Waiyaki Way. Nilijikunja pale mkekani, na mama akadhani nina homa.

Dawa niliiona mwenyewe. Kama kusingekuwa na mdogo wa kubaki, mkubwa asingeweza kuondoka.

Bahati, kama naweza kuiita hivyo, ilikuwa kwamba mwalimu wetu wa darasa alikuwa ameenda likizo ya kujifungua, na Jumatatu ile akaletwa mwingine, mwalimu kijana aliyetaka kuandika majina yetu kwenye vipande vya karatasi ngumu ya manila tuvisimamishe juu ya dawati. Akapita mstari kwa mstari. Alipofika kwangu nikasema Brian. Sauti ilitoka kwa urahisi hadi nikashangaa. Mwalimu akashusha pumzi, akauliza kama ni Brian mwingine tena, kisha akaandika. Kevin tuliyekaa naye alinitazama kama mtu aliyeona wizi. Wakati wa mapumziko nilimpa nusu ya mandazi yangu na akakubali kwamba mimi ni Brian hadi mandazi yatakapokwisha. Ikabidi nimlishe kila siku.

Nikawa Brian wa tano. Sitaficha, siku za kwanza nilifurahia. Jina likiitwa tuligeuka watano, na kama kosa lilikuwa la mmoja liligawanyika hata likakosa mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza maana yake. Lakini nilijua lazima lifike nyumbani pia, maana daftari la huyo karani wa juu sikudhani linaishia shuleni.

Cucu alikuwa akienda hospitali kila siku na kurudi saa kumi na moja, miguu imevimba, thamosi ya uji ikining'inia mkononi. Siku moja alinikuta nje ya jiko lake. Akashusha mzigo, akanisalimu kama kawaida, akaniita mume wangu, akasema njoo nikwambie vile mzee ameamka. Nikamwambia asiniite hivyo. Nikamwambia mimi si mume wake, na naitwa Brian.

Nilitazamia akasirike. Alinitazama tu, mkono ukiwa bado kwenye mfuniko wa thamosi. "Haya, Brian," akasema, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo alikuwa mpole kwangu kama unavyokuwa mpole kwa mtoto wa mgeni. Chai nilipewa kwenye kikombe cha plastiki. Hakuniuliza habari ya ng'ombe. Nikiingia alisema karibu Brian, nikitoka alisema salimia mama. Hajawahi mtu kunichapa kwa namna iliyouma kama ile. Nilikuwa nataka sana kumweleza, lakini niliogopa kwamba nikimwambia sababu nitakuwa nimekubali mimi ni nani, na karani atasikia. Nikavumilia. Kila jioni nilisikiliza habari za hospitali nikiwa mlangoni. Mzee amekula kidogo. Mzee bado yupo. Nami nilijisemea kimoyomoyo kwamba dawa inafanya kazi.

Baba aligundua wiki ya tatu, kwa daftari la hesabu. Alikuwa akifunika vitabu vyangu kwa gazeti, kazi aliyoipenda, akaona jina juu ya jalada. Akafungua la Kiingereza, akafungua la sayansi. Akanikalisha mbele yake na hata hakuinua sauti. "Nilienda tao mara tatu kurekebisha cheti juu ya hiyo jina," akasema. "Mara tatu. Saa hii mzee amelala hospitali, ndio unaona umwonee aibu?"

Machozi yalikuwa karibu, na nilijua nikifungua mdomo yote yatatoka. Mama akajaribu kuniombea. Baba akasema hatanichapa, hawezi kumchapa baba yake, na kama huyu si baba yake tena basi hata hajui ni mtoto wa nani. Akasema Jumamosi nitaenda naye hospitali nimwambie Guka mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba jina lake nimelikataa.

Siku mbili zile sikula vizuri. Nilichoogopa si aibu ya kusema. Niliogopa kwamba tukiwekwa chumba kimoja, mimi na Guka, tutaonekana pamoja, na karani ataelewa ujanja wote.

Jumamosi tulifika saa ya kuwaona wagonjwa. Nakumbuka harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, harufu ya kabichi iliyochemshwa, na wagonjwa wakisukumwa kwa viti. Mlinzi alisema watoto hawaruhusiwi wodini. Nikapumua. Baba akaongea naye pembeni, akaongea na muuguzi, na baada ya muda mlango ukafunguka, Guka akaletwa kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye ukumbi wa nje penye jua. Alikuwa amepungua. Shingo ya pajama za hospitali ilikuwa kubwa kwake, na kifua chake kilikuwa na mlio wa msumeno ndani ya mbao zenye maji. Lakini alikuwa amenyolewa ndevu, na alikuwa mkali kama kawaida, maana kitu cha kwanza alichosema ni kwamba hicho kiti kimepigwa misumari na mjinga.

Baba akaeleza kwa kifupi kilichotuleta, kisha akaenda kuegemea ukuta. Guka akanitazama.

"Nimeskia uko na jina mpya."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ni ya nani?"

"Ni yangu tu."

"Muko nayo wangapi?"

"Watano."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile kilinimaliza. Nilidhani ndio nimemuua. Nikaanza kulia na maneno yakatoka yote kwa pamoja, meno, kibanda, mkono wa Tata kichwani pangu, karani na daftari lake. "Tata alisema ata ukienda haujaenda, juu mimi niko," nikamwambia. "Sasa nikitoka, hawawezi kukuchukua. Lazima ukae."

Baba alikuwa amevua miwani. Aliigeuza geuza mkononi, akageukia ukutani kama mtu anayesoma tangazo.

"Wairimu anaongea sana tangu azaliwe," Guka akasema. Akanivuta karibu, mkono wake mgumu wa useremala ukanishika shingoni kwa nyuma. "Hiyo jina nilikupea nikiwa mzima. Ni miaka nane. Umeona nikipungukiwa na kitu?"

"Meno," nikasema.

"Meno ni sukari. Uliza Cucu yako naweka vijiko ngapi."

Akapumzika kidogo, akavuta hewa. Akaniambia kwamba yeye pia ana jina la nyumbani, alilopewa kwa babu yake, na kwamba waliishi pamoja wakiitwa jina moja hadi yeye akaoa. Walichunga mbuzi pamoja. Yule mzee alikuwa akimnyang'anya viazi vya kuchoma, na siku ya kupeleka mahari ndiye aliyechagua mbuzi. Hakuna siku ambayo mmoja wao alikosa jina kwa sababu mwenzake analo. Alisema hayo kwa hasira kidogo, kama mtu anayeeleza kwa mara ya kumi jinsi ya kushika randa.

"Sikiza," akasema. "Nikikufa, ni kifua imeniua. Si wewe. Wewe hauna hiyo nguvu, ata muwe Brian mia."

Sijui kama naweza kueleza kilichonitoka hapo. Kwa wiki tatu nilikuwa nimembeba mzee mzima mabegani, mtoto wa kilo ishirini na kitu, nikimzuia asidondoke. Sasa mwenyewe alikuwa ameteremka. Nikakaa chini kwenye saruji, nikalia kilio kingine, kile cha kupoa. Guka akamwambia baba anipe chungwa. Baba akanimenyea chungwa, akanipa kipande kimoja kimoja, na hakusema tena habari ya tao wala ya cheti.

Guka alitoka hospitali siku kumi baadaye. Aliishi hadi nikampita urefu, hadi akaweza kuniomba nimshushie vitu juu ya kabati, akikosoa jinsi ninavyovishika. Alipofariki ilikuwa kwa kifua, kama alivyosema. Nililia siku hiyo kama mjukuu yeyote, na nashukuru mpaka leo kwamba nilikuwa na haki ya kulia hivyo.

Lakini kabla hajatoka hospitali, jioni ile ile ya Jumamosi, nilikuwa bado na kesi moja. Cucu, aliyekuwa hospitali tangu asubuhi, alibaki nyuma kumlisha na alirudi peke yake baada yetu. Nilimpa muda wa kuvua viatu. Kisha nikaenda jikoni kwake nikasimama mlangoni. Alikuwa amenipa mgongo, anakoroga mboga, mvuke ukimpanda usoni. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani na yote yakapotea.

"Cucu, ni mimi Barzilai," nikasema.

Hakugeuka. "Barzilai yuko hospitali. Nimetoka kumwona saa hii."

"Tuko wawili, Cucu."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Nikaona mabega yake yakitikisika, na sikujua kama anacheka au analia, na aliponigeukia nikaona ni vyote viwili. Alijifuta kwa ncha ya leso, akasogeza stuli kwa mguu ili nikae karibu na moto.

"Na huyo Brian?" akauliza.

"Ameenda."

"Alikuwa mtoto mzuri?"

Nikafikiri, maana nilitaka kumjibu ukweli.

"Alikuwa anaogopa," nikamwambia.